Duka Hufungwa Siku Linapofunguliwa
Hotuba kwa wajumbe na mameneja wa vyama vya ushirika vya rejareja

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa bodi na wa kamati za usimamizi, ndugu mameneja, na ninyi wanachama mlioacha shughuli zenu ili kuja kusikiliza habari za mikataba ya pango na hesabu za matawi, jambo ambalo kwa uzoefu wangu halijawahi kumtoa mtu nyumbani kwake kwa hiari: nawashukuru kwa subira mtakayohitaji.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie namna chama cha ushirika kinachomilikiwa na wateja wake kinavyopaswa kufunga maduka. Niliomba, nikakubaliwa, kuongeza neno moja, yaani kufungua, kwa kuwa nimefikia hatua ya kuamini kwamba hizi si kazi mbili. Uamuzi wa kufunga duka, kwa sehemu kubwa, hufanywa siku lile duka linapofunguliwa, pale mwenyekiti na meneja mkuu wanapotia sahihi mkataba wa pango ambao wanachama hawajausoma. Na miaka inayofuata huwa ni ya kusubiri tu hadi gharama ya sahihi ile ionekane.

Niruhusuni nianze na mikutano miwili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya chama kimoja cha maduka, ambacho sitakitaja jina. Mkutano mkuu uliopitisha duka jipya ulilipokea jambo hilo likiwa karibu na mwisho wa ajenda, baada ya chakula, ukumbi ukiwa umepungua watu. Waraka wake ulikuwa na kurasa mbili na picha ya jengo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi, hapakuwa na pingamizi, tukapiga makofi. Miaka michache baadaye duka lilelile lilirudi mezani ili lifungwe, na safari hiyo watu walisimama ukutani kwa kukosa viti, waraka ulikuwa mnene kama kitabu, wajumbe wa bodi waliitwa wasaliti, na mzee mmoja aliyekuwa mwanachama tangu ujana wake alishindwa kumaliza hoja yake kwa kilio. Hasira ile ilikuwa ya haki. Ilikuwa imechelewa tu, kwa sababu mahali pake palikuwa katika mkutano ule wa kwanza, uliokwisha kwa makofi.

Ili tuelewe kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwa ushirika kuliko kwa kampuni ya kawaida, hatuna budi kuutazama mtaji wetu ulivyo. Walipofungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane mjini Rochdale, Uingereza, tarehe 21 Desemba 1844, waanzilishi 28 wa ushirika wetu wa rejareja walikuwa na mtaji wa paundi 28, paundi moja kwa kila mtu. Kanuni walizojiwekea ndizo ambazo, kwa marekebisho, tunazifuata hadi leo: mwanachama mmoja kura moja, malipo yenye kikomo kwa mtaji, na ziada kurudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Uzuri wa kanuni hizi hauhitaji kuelezwa katika ukumbi huu. Gharama yake, hata hivyo, haisemwi vya kutosha. Hisa ya mwanachama haipandi thamani, haiuzwi sokoni, na kwa vyama vingi inaweza kudaiwa irudishwe mwanachama anapojitoa. Kwa hiyo chama kinapotaka fedha za kujenga au kukarabati, hakiwezi kuuza hisa mpya kwa matajiri wanaosubiri faida kubwa. Vyanzo vyake vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: michango ya wanachama, akiba iliyotokana na ziada za miaka iliyopita, mikopo, na fedha zinazopatikana kwa kuachana na mali au matawi yasiyofaa tena.

Tazameni hicho chanzo cha mwisho. Katika ushirika, kufunga ni mojawapo ya njia chache za kuwekeza. Kila mwaka ambao tawi lisilo na mustakabali linaendelea kulishwa, kuna tawi jingine ambalo majokofu yake hayabadilishwi, na wanachama wa tawi hilo la pili hawaitwi mkutanoni kulia kwa sababu hawajui walichonyimwa. Bodi yenye huruma kwa tawi moja huwa inawatoza wengine gharama ya huruma hiyo bila kuwaambia.

Kuna udhaifu mwingine unaotokana na asili hiyohiyo. Kwa kuwa hisa zetu hazina bei ya soko, hakuna kengele inayolia mapema. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa ikijenga duka la kipuuzi, bei ya hisa zake hushuka na wakubwa huulizwa maswali. Chama chetu kikijenga duka la kipuuzi, kimya kinaweza kudumu miaka mingi, maana akiba ya pamoja hulipa na akiba haina mdomo. Nimewasikia viongozi wakisema kwamba uwekezaji fulani haukukigharimu chama kitu kwa kuwa ulitoka kwenye akiba. Fedha hizo ni ziada ambayo wanachama walikubali wasigawiwe, baadhi yao wakiwa wameshafariki. Tamko la utambulisho wa ushirika lililopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995 linasema kwamba angalau sehemu ya mtaji kwa kawaida ni mali ya pamoja ya chama, na kwamba sehemu ya akiba inaweza kuwa isiyogawanyika. Kitu kisichogawanyika kati ya walio hai ni amana ya watakaokuja, na hakuna mtunza amana anayeruhusiwa kuiita ya bure.

Sasa niingie kwenye hesabu, na hapa nitakawia, kwa sababu maduka mengi hufungwa, na mengine huachwa wazi, kwa kusoma vibaya karatasi moja.

Chukulieni duka linalouza kwa mwaka bidhaa zenye thamani ya 100, kwa fedha yoyote mtakayo. Likishalipia bidhaa hizo linabakiwa na 25. Mishahara ya wauzaji, pango, umeme, bidhaa zinazooza na zile zinazopotea zinachukua 23, na hivyo linabaki na 2. Ndipo makao makuu yanapolibebesha sehemu yake ya gharama za pamoja, yaani uhasibu, bohari, malori, kompyuta na mishahara ya wakuu, na sehemu hiyo ni 5. Taarifa inayofika kwenye meza ya bodi inasema kwamba duka lina hasara ya 3. Likifungwa kwa sababu hiyo pekee, mwakani chama kitakuwa kimepoteza ile 2 iliyokuwa ikiingia, huku ile 5 ya makao makuu ikiwa haijaondoka popote bali imehamia kwenye migongo ya maduka yaliyosalia, ambapo mojawapo, lililokuwa likichechemea, litaanza nalo kuonyesha hasara na kuingia kwenye orodha ya yanayofuata. Nimeona chama kikijikata vidole kwa mtindo huu kimoja baada ya kingine, kila kidole kikiwa na sababu yake nzuri kwenye karatasi.

Hata hivyo, msiondoke hapa mkidhani kwamba duka linalochangia 2 liko salama. Siku moja fundi atakuja na kusema kwamba majokofu na paa vinahitaji kubadilishwa, na gharama ni 12. Kwa mchango wa 2 kwa mwaka, fedha hiyo itarudi baada ya miaka sita, kabla ya riba, nao mkataba wa pango umebakiza minne. Hapo ndipo swali la kufunga linapokuwa swali halisi. Halikuwa swali la hasara. Lilikuwa swali la majokofu. Kwa hiyo nashauri kila chama kiwe na kalenda ya matawi yake yote inayoonyesha mambo mawili tu, mwaka ambao mkataba wa pango unakwisha au unaweza kuvunjwa, na mwaka ambao matengenezo makubwa yatahitajika, kwa maana pale tarehe hizo mbili zinapokaribiana ndipo uamuzi unapotakiwa kufanywa, na si pale mhasibu anapokasirika.

Kipo kipengele cha tatu, ambacho ndicho kinachogeuza hesabu nzima: wateja watakwenda wapi? Tuseme kwamba kati ya mauzo yale ya 100, mauzo ya 40 yatahamia kwenye tawi letu jingine lililo karibu. Kwa kiwango kilekile cha faida ghafi, yaani kinachobaki baada ya kulipia bidhaa, 40 hiyo inaleta 10, na tawi linalopokea halihitaji kulipa pango jingine, pengine litaongeza wauzaji na saa za kazi kwa 3. Chama kimepoteza 2 na kupata 7. Lakini kama kinachohamia ni 10 tu, faida ghafi yake ni 2.5, na ukiondoa gharama ndogondogo tumerudi tulipokuwa, tukiwa tumewapoteza wanachama njiani. Makadirio ya kiasi kitakachohamia ndiyo yanayoamua, nayo kwa kawaida huandikwa na mtu ambaye tayari anataka jibu fulani.

Na hapa ushirika una silaha ambayo washindani wake waliitafuta kwa miongo mingi. Kwa kuwa tangu Rochdale tumelazimika kuandika manunuzi ya kila mwanachama ili tujue mgawo wake wa ziada, tuna kumbukumbu ya nani ananunua wapi. Mwanachama anayenunua mara nyingi katika tawi A lakini mara mojamoja katika tawi B ameshatuonyesha njia anayopita, na yule ambaye hajawahi hata siku moja kukanyaga tawi B ametuambia kwa lugha iliyo wazi kwamba tukifunga A tutakuwa tumemfukuza. Inashangaza kwamba vyama vyenye kumbukumbu hizi huwalipa washauri wa nje ili wachore duara kwenye ramani.

Nirudi kwenye pango, kwa kuwa nilidai kwamba duka hufungwa siku linapofunguliwa na ni haki mnidai ushahidi. Mjini Chicago kilikuwapo chama cha ushirika kilichoanza mwaka 1932 katika eneo la Hyde Park, na kwa miongo mingi duka lake kuu lilikuwa na wateja wa kutosha. Kilipanuka, kikafungua duka jipya katika barabara ya 47, na duka hilo halikufanikiwa. Kulifunga hakukutosha, kwa maana mkataba wa pango uliendelea kuishi baada ya duka kufa, na kodi ya jengo lisilouza chochote ikawa inalipwa na duka lililokuwa likiuza. Mwishoni mwa mwaka 2007 wanachama waliwekwa mbele ya kura ambayo haikuwa na jibu zuri, na Januari 2008 chama kilifunga milango yake. Yeyote anayedhani kwamba chama kile kiliuawa na mkutano ule wa mwisho ameanza kusoma kitabu kutoka nyuma.

Kuanzia Januari 2019 kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 16 kinawataka wanaokifuata waoneshe mikataba mingi ya pango ndani ya mizania, yaani orodha ya mali na madeni, kama deni, badala ya kuiacha ifichwe kwenye maelezo ya nyuma. Hata chama ambacho sheria hailazimishi kifuate kiwango hicho kingefanya vyema kujifanyia hesabu hiyo, kwa sababu mwanachama anayeona kwamba duka jipya limeongeza deni la miaka kumi na mitano atauliza maswali ambayo picha ya jengo haiwezi kuyajibu.

Masharti ninayoyaona kuwa ya lazima kabla ya kutia sahihi ni machache. Mkataba uwe na kifungu kinachokiruhusu chama kuuvunja mapema kwa malipo yanayojulikana. Chama kisikubali kudhamini pango kwa mali yake yote. Na hakuna duka moja, hata liwe na mvuto gani, linaloruhusiwa kuwa kubwa kiasi cha kuweza kukiangusha chama likishindwa. Mwenye jengo hatapenda, na kodi yake huenda ikapanda kidogo kwa sababu hiyo. Ilipeni nyongeza hiyo.

Mtanisamehe nikizungumzia wakubwa, kwa kuwa makosa yao yameandikwa na yanasomeka. Nchini Uingereza vyama vya ushirika vya rejareja vilikuwa vya kwanza kujaribu duka ambalo mteja anajichukulia bidhaa mwenyewe: London Co-operative Society ilifanya hivyo Romford mwaka 1942, katikati ya vita na uhaba wa wafanyakazi, na katika miaka iliyofuata ushirika ndio uliokuwa mbele katika mtindo huo. Kwa kuwa walitangulia, mtu angetegemea wabaki mbele. Hawakubaki. Tume huru ya kuuchunguza ushirika huo, iliyoongozwa na mwanasiasa Hugh Gaitskell, ambayo katibu wake alikuwa Anthony Crosland, iliripoti mwaka 1958 kwamba vyama vilikuwa vingi mno na kwamba vilihitaji kuungana na kupanga uwekezaji wao kwa pamoja. Ushauri ulipokelewa kwa heshima na kutekelezwa kwa mwendo wa kobe. Kila chama kidogo kilikuwa na ukumbi wake, mwenyekiti wake na maduka yake madogo ya pembeni ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa, na wakati huo washindani walikuwa wakijenga. Kuwekeza mapema hakukuwasaidia kwa kuwa hawakuachia ya zamani. Fedha zilitawanywa kwenye rafu zilizokuwa zimechakaa.

Kosa la upande wa pili ni kuchanganya ukubwa na afya. Nchini Austria vyama vingi viliunganishwa mwaka 1978 kuwa Konsum Österreich, chama kimoja kikubwa kilichoonekana kuwa ni muhali kianguke, na mwaka 1995 kikafilisika. Mjini Berkeley, California, chama kilichowahi kuwa na wanachama zaidi ya laki moja kilifunga maduka yake ya mwisho mwaka 1988, baada ya kupanuka kuliko uwezo wake na baada ya makundi ndani ya bodi kugombana kwa muda mrefu juu ya nini hasa chama kilikuwa kikijaribu kuwa. Eroski ya nchi ya Basque, ambayo wanachama wake ni wateja na wafanyakazi pia, ilinunua msururu wa maduka ya Caprabo mwaka 2007, miezi michache kabla ya uchumi wa Hispania kuporomoka, na miaka mingi iliyofuata ilitumika kuuza mali ili kupunguza deni. Mwaka 2016 ilikubaliana kuiuzia Carrefour maduka makubwa 36.

Mfano wa Co-operative Group ya Uingereza unafundisha zaidi kwa sababu una pande zote mbili. Mwaka 2009 ilikamilisha ununuzi wa msururu wa Somerfield kwa takriban paundi bilioni 1.6, na mwaka huohuo benki yake ikaungana na Britannia, chama cha akiba na mikopo ya nyumba. Hesabu za mwaka 2013 zilionyesha hasara ya paundi bilioni 2.5, nyingi yake ikitokana na benki. Mwaka 2014 chama kiliuza biashara yake ya maduka ya dawa na mashamba yake, na katika mwaka huohuo Lord Myners, aliyeombwa kuuchunguza uongozi wake, akaandika taarifa kali kuhusu bodi ambayo wajumbe wake walichaguliwa kwa demokrasia lakini wengi wao hawakuwa na ujuzi wa kuwauliza mameneja maswali magumu. Sehemu hiyo ningependa isomwe na kila mjumbe aliyeko hapa, mimi nikiwemo. Kura huleta uhalali. Haileti uwezo wa kusoma mizania, na uwezo huo hujifunzwa.

Miaka miwili baadaye, 2016, chama hichohicho kiliafiki kuuza maduka madogo 298 kwa kampuni ya McColl's kwa paundi milioni 117, kwa hoja kwamba yalikuwa madogo mno kubeba bidhaa ambazo wanachama walizitaka, huku kikiendelea kufungua mapya yenye ukubwa uliofaa. Kwa mtazamo wangu huo ulikuwa uamuzi mzuri: uliambatana na maelezo, uliwahusisha wanunuzi walioweza kuwabakiza wafanyakazi, na fedha zake zilikuwa na pa kwenda. Lakini fuateni hadithi hadi mwisho. McColl's yenyewe ilianguka mwaka 2022 na kununuliwa na kampuni ya maduka ya Morrisons. Kumuuzia mwingine duka lako si sawa na kulihakikishia maisha, na mjumbe anayeambiwa kwamba hakuna kitakachobadilika kwa sababu tumepata mnunuzi ana haki ya kuuliza mnunuzi huyo ana nguvu gani, na pango litarudi kwa nani akishindwa.

Hapo tumefika kwenye wanachama wenyewe. Mwaka 2020 chama cha Kanada kilichoanzishwa mwaka 1971 kuuza vifaa vya michezo ya milimani, Mountain Equipment Co-op, kiliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Marekani kupitia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Wanachama, ambao idadi yao ilikuwa ya mamilioni, hawakupiga kura. Sheria iliruhusu. Wengi wao walipata habari kwenye vyombo vya habari kama watu wa nje, na waliokwenda mahakamani kupinga hawakufanikiwa. Sitaki kuihukumu bodi ile kwa haraka, kwa maana chama kinapofika mikononi mwa wadai, chaguzi zote nzuri huwa zimekwisha. Ninachosema ni kwamba haki ya mwanachama kuamua ina tarehe ya mwisho ambayo haijaandikwa popote, na bodi isiyompa taarifa mapema imeiacha tarehe hiyo ipite kwa niaba yake.

Mtaniuliza, na mmoja wenu ameshaniuliza kwa maandishi kabla ya kikao, ni mapema kiasi gani. Ni swali gumu kwa kweli. Tangazo la mapema mno huliua duka kabla ya siku zake: wauzaji hodari huondoka kwanza, wanaotuletea bidhaa hudai fedha taslimu, wateja huanza kuzoea kwingine, na wanachama wenye wasiwasi hudai hisa zao. Siri nayo hugeuza wamiliki kuwa wapangaji. Njia ninayoiona inafaa ni kutenganisha vigezo na majina. Vigezo vya kufunga, yaani kiwango cha mchango wa duka, hali ya jengo, miaka iliyobaki ya pango na umbali wa tawi jingine, vipitishwe na mkutano mkuu wakati hakuna duka lolote lililo hatarini, ili hakuna atakayesema vilitungwa kumlenga. Majina ya maduka yaliyovuka vigezo yajulikane kwa wajumbe waliochaguliwa, kwa sharti la usiri. Kisha kabla ya uamuzi, na si baada yake, wanachama na wafanyakazi wa tawi husika waitwe, wapewe takwimu zilezile ilizonazo bodi, na wapewe muda, ambao kwangu usipungue miezi mitatu, wa kuleta pendekezo lao. Wakati mwingine pendekezo hilo huwa ni kulichukua duka na kuliendesha kama chama chao wenyewe. Mara nyingi halitawezekana. Pale linapowezekana, sioni kwa nini tuliuze kwa mshindani kabla ya kuwauliza.

Lazima pia tukiri kwamba kanuni ya kura moja kwa kila mwanachama haimlindi mwanachama wa tawi dogo. Wa matawi makubwa watamshinda kila mara kwa kuhesabu mikono, na watamshinda bila uovu wowote. Ndiyo maana nasisitiza usikilizwaji kabla ya kura; mtu anayejua kwamba atashindwa bado ana haki ya kuwafanya wanaomshinda wamtazame usoni na wajibu hoja zake kwa kumbukumbu. Na kuhusu wafanyakazi nitasema kwa ufupi: kiinua mgongo chao na gharama ya kuwahamishia matawi mengine ni sehemu ya gharama ya kufunga, iandikwe kwenye waraka uleule, maana bodi inayoiacha nje imedanganya hesabu. Baada ya kiwanda cha Fagor kufilisika mwaka 2013, vyama vingine vya Mondragón, muungano wa vyama vya ushirika vya wafanyakazi nchini Hispania ambao Fagor ilikuwamo, viliwapokea wengi wa wafanyakazi wake, na hilo liliwezekana kwa sababu mfumo wa kuwapokea ulikuwapo kabla ya msiba.

Pendekezo langu la mwisho ni la karatasi mbili. La kwanza, kila waraka wa kufungua au kukarabati duka uwe na ukurasa unaoitwa ukurasa wa kufunga, unaoonyesha, kwa kila mwaka wa mkataba, ni kiasi gani kitahitajika kutoka humo duka likishindwa na fedha hizo zitatoka wapi. Bodi isiyoweza kuujaza ukurasa huo haijawa tayari kufungua. Ya pili, miaka miwili baada ya kila uwekezaji na mwaka mmoja baada ya kila ufungaji, makadirio yaliyoahidiwa yarudi mbele ya mkutano mkuu yakiwa safu moja, na matokeo halisi yakiwa safu ya pili, yasomwe na mkaguzi badala ya meneja. Safu hizo zikiwa karibu, wanachama wataiamini bodi pale itakapoleta habari mbaya. Zikiwa mbali mara tatu mfululizo, watajua nani wa kutomchagua.

Yule aliyeniandikia aliongeza swali jingine chini ya barua yake: je, mimi ningepiga kura kulifunga tawi ninalonunua mwenyewe? Nilishapiga. Lilikuwa tawi lilelile la makofi niliyowasimulia mwanzoni, na katika mkutano ule wa pili niliinua mkono mbele ya mzee yule. Baadaye nilikwenda kuutafuta waraka wa kurasa mbili kwenye majalada ya chama ili nione ulisema nini kuhusu pango. Ulikuwa na mstari mmoja: kwamba masharti ya mkataba yamekubaliwa na pande zote mbili. Chini yake, miongoni mwa majina ya kamati ya usimamizi iliyoupitia na kuridhika nao, lilikuwapo langu.